Haki za raia zinatoka wapi? Utangulizi wa Katiba, maazimio na hati za kuasisi nchi mbele ya mahakama

Jicho la Ibara (mleta mada)

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Kila tunapojadili Katiba humu ndani, mmoja husema kwamba haki za raia zimetolewa na Katiba, mwingine humjibu kwamba mtu huzaliwa nazo na Katiba inazitambua tu, kisha mjadala unafia hapo kila mtu akiwa ameshikilia lake. Nadhani pande zote mbili zinaruka swali ambalo mahakama zetu zimelazimika kulijibu mara nyingi: sentensi inayotaja haki yako imeandikwa sehemu gani ya hati, na je, hapo ilipoandikwa inamfunga jaji?

Historia yetu wenyewe inatosha kulionyesha hili. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na Katiba isiyo na orodha ya haki za binadamu, tofauti na katiba za uhuru za Uganda na Kenya. Viongozi wa TANU waliikataa orodha hiyo kwa makusudi na hawakuficha sababu zao. Walisema nchi changa inahitaji serikali yenye nafasi ya kuleta maendeleo haraka, na kwamba majaji wa wakati ule, ambao wengi wao walikuwa wageni, wangepewa uwezo wa kubatilisha sheria za Bunge lililochaguliwa na wananchi. Sababu hiyo ya pili ilikuwa na uzito wake, na wanaoibeza leo wanasahau kwamba mahakama hizohizo zilikuwa zimetumikia ukoloni miaka michache tu iliyotangulia. Tatizo ni kwamba sababu iliyohusu kipindi cha mpito iligeuka kuwa utaratibu uliodumu zaidi ya miaka ishirini.

Tume ya Rais iliyoandaa mfumo wa chama kimoja nayo ilipendekeza haki zisiwekwe ndani ya vifungu, bali zitajwe katika utangulizi, na raia apewe mahali pengine pa kulalamikia. Ndivyo ilivyokuja Katiba ya Muda ya mwaka 1965, na baada yake, mwaka 1966, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo iliweza kupokea malalamiko, kuchunguza na kumpelekea Rais taarifa, lakini haikuweza kumwamuru ofisa yeyote arudishe kile alichokichukua.

Sasa tazameni kilichotokea pale mtu alipojaribu kuusimamia utangulizi ule mahakamani. Mwaka 1973, katika shauri la Hatimali Adamji dhidi ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, Jaji Biron alisema kwamba utangulizi si sehemu ya Katiba, na kwa hiyo si sehemu ya sheria za nchi. Mwaka 1980, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lesinoi Ndeinai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilishikilia msimamo huohuo: maneno yale ni tamko la imani yetu katika haki hizo, nayo hayampi mtu kitu cha kudai. Hapo tukumbuke kwamba Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa ikifanya kazi, na kwamba aliyewekwa ndani kwa amri ya Rais alikuwa anaishi katika nchi ambayo Katiba yake, ukurasa wa kwanza kabisa, ilitaja uhuru wa mtu binafsi.

Mabadiliko ya Tano ya Katiba, yaani Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, ndiyo yaliyozihamisha haki kutoka katika utangulizi na kuziingiza ndani, kuanzia ibara ya 12. "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Sentensi hiyo ni nyepesi, na wazo lake lilikuwamo katika utangulizi tangu zamani. Kilichobadilika ni makazi yake, kwa kuwa ibara ya 30(3) inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu akidai kwamba haki hiyo imevunjwa, na ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayopingana na Katiba itakuwa batili kwa kiasi inachopingana nayo. Hata hivyo Bunge hilohilo, kwa Sheria Na. 16 ya mwaka huohuo, lilizuia mtu kutumia haki hizo kubatilisha sheria hadi Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kusafisha sheria zake. Usafi huo, kwa maoni yangu, ulifanyika kwa shingo upande.

Hoja yangu ni hii, nami naomba ipingwe: haki haitoki kwenye karatasi, lakini nguvu ya kuidai hutoka kwenye karatasi, tena hutegemea mahali hasa ilipoandikwa. Mtu akichanganya mambo haya mawili, atajikuta ama anaiabudu Katiba, ama anaidharau.

Naomba kuwasilisha.

Hamadi Kibindoni

Mkuu mleta mada, nimekusoma kwa utulivu, ila naona umejifunga mwenyewe. Umeeleza kwamba hadi mwaka 1984 hakuna raia aliyeweza kuzidai haki hizi, kwamba Bunge ndilo lililoziingiza, na kwamba Bunge hilohilo ndilo lililoamua zisubiri hadi 1988. Sasa kama mtu anaweza kunipa kitu, kunicheleweshea na kuniwekea masharti, ni kwa nini nisimwite mtoaji? Haki ya kuzaliwa isiyoweza kumtoa mtu kizuizini ina tofauti gani na dua?

Tena ukiisoma Katiba kwa makini utaona ukarimu huo una kamba. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake, halafu inamalizia na maneno "kwa mujibu wa sheria". Kwa mujibu wa sheria ya nani? Ya Bunge. Ibara ya 98 nayo inaruhusu sehemu yote ya haki ibadilishwe na theluthi mbili ya wabunge. Kitu ambacho wabunge wanaweza kukifuta kwa kupiga kura siwezi kukiita cha kuzaliwa nacho.

Jicho la Ibara

Mkuu Hamadi, swali lako ni zuri, na lilishafika mahakamani likiwa na jina la Mchungaji Mtikila.

Mwaka 1993 Christopher Mtikila alifungua shauri akipinga, pamoja na mambo mengine, sharti kwamba anayegombea uongozi lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimpa ushindi katika hoja hiyo, na katika hukumu yake aliandika kwamba haki za msingi si zawadi kutoka kwa dola, kwamba zimo ndani ya mtu kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na kwa hiyo zimeitangulia dola pamoja na sheria zake. Ni mojawapo ya kauli zilizonukuliwa zaidi katika sheria za nchi hii, na ukiisoma peke yake utadhani mjadala wetu umekwisha.

Haukwisha. Wino wa hukumu haujakauka vizuri, Bunge lilipitisha Sheria Na. 34 ya mwaka 1994, ambayo iliibadilisha ibara ya 21 ili haki ya kushiriki katika uongozi iwe chini ya masharti ya ibara nyingine, zikiwamo zile zinazodai uanachama wa chama. Kwa maneno mengine, jaji alisema haki imeitangulia sheria, Bunge likajibu kwa kulihamishia katazo ndani ya Katiba yenyewe. Mtikila alirudi tena. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubaliana naye kwa mara nyingine, lakini tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ikisema kwamba mahakama haina uwezo wa kuitangaza ibara ya Katiba kuwa inakiuka Katiba, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge.

Ukisimama hapo, Mkuu Hamadi, umeshinda. Lakini shauri halikusimama hapo. Mtikila alivuka akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja haki yake chini ya Mkataba wa Afrika, na ikaagiza nchi ichukue hatua za kikatiba na kisheria kurekebisha hali hiyo. Angalia kilichofanyika: Bunge lilikuwa limefuta haki hiyo kwa utaratibu halali kabisa wa ndani, na bado kulikuwa na mahali ambapo mtu aliweza kusema ameonewa akasikilizwa. Kama Bunge lingekuwa ndiye mtoaji, dai hilo lisingekuwa na maana hata kidogo, kwa sababu mwenye mali akichukua chake haulizwi.

Nakiri kwamba Mtikila hakugombea Urais akiwa mgombea binafsi hadi alipofariki mwaka 2015, na kwamba mwishoni mwa mwaka 2019 Tanzania iliwasilisha taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahakama ile. Hayo yote yanahusu mlango wa kuingilia. Mlango ukifungwa, deni bado lipo.

Nshomile

Wakuu, mnajadili Bunge na marais, nami naomba nilete kibanja, yaani shamba la ukoo, kwa sababu huko ndiko nilikoelewa jambo hili.

Shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Uzee ulipomfikia na akakosa wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani akisema mauzo ni batili, kwa sababu mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Na hakuwa akibuni: kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambapo mwanamke anaweza kurithi na kuitumia ardhi maisha yake yote lakini hawezi kuiuza. Mwanamume wa ukoo huohuo aliweza.

Mahakama ya Mwanzo ikampa mpwa haki. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, naye mwaka 1990 akasema kwamba tangu haki ziingie ndani ya Katiba, ubaguzi wa namna hiyo unapingana na ibara ya 13. Lakini hakuishia kwenye Katiba pekee. Alitumia kifungu cha 5 cha ileile Sheria Na. 16 ya mwaka 1984 ambayo mleta mada ameilaumu, kifungu kinachozitaka mahakama ziisome sheria yoyote iliyokuwapo kabla kwa marekebisho yanayohitajika ili ilingane na haki hizo. Hivyo kanuni ya mila ikabaki palepale, ila ikasomwa kwamba mwanamke na mwanamume wana uwezo sawa juu ya ardhi ya ukoo na wanafungwa na masharti sawa. Mpwa aliachiwa njia ya kuikomboa ardhi ndani ya miezi sita, kwa kulipa zile 300,000, kama ambavyo mila inaruhusu pale mwanaume anapouza bila ridhaa ya ukoo.

Mimi ni mtu wa huko, na nawaambia kwamba wazee wengi waliipokea hukumu ile kama dharau kutoka mjini. Bado naiona kuwa ni kazi ya fundi. Jaji angeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu asili ya binadamu, na kweli alinukuu mikataba ya kimataifa, ila kilichomsaidia mama yule kuwa na uhakika wa mauzo yake ni kifungu kikavu cha sheria ya mpito ambacho hakuna anayekikariri shuleni.

Wakili Mstaafu

Nimefuatilia uzi huu kwa raha. Naomba niongeze yale ambayo hayajaguswa, hasa kuhusu hati za kuasisi, kwa kuwa watu huzichanganya.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliibadilisha nchi kuliko sheria nyingi, lakini lilikuwa tamko la chama. Benki hazikutaifishwa na Azimio. Zilitaifishwa na sheria zilizopitishwa na Bunge Februari mwaka huohuo, na bila sheria hizo maofisa wasingekuwa na msingi wowote wa kuchukua funguo. Hati za Muungano zilizotiwa saini na Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume tarehe 22 Aprili 1964 nazo zilikuwa makubaliano ya nchi mbili, na kwa upande wa Tanganyika zilipata nguvu ya sheria kupitia Sheria Na. 22 ya mwaka 1964. Upande wa Zanzibar, suala la uthibitisho linabishaniwa hadi leo, nami sitaliingilia hapa kwa sababu litaumeza uzi mzima.

Ila msidhani suala la muundo wa dola ni la wanasiasa tu. Katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, waliokuwa rumande wakikabiliwa na tuhuma za uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Mahakama ya Rufani iliamua Novemba 2000 kwamba kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali hiyo, kwa kuwa mamlaka ya dola ni ya Jamhuri ya Muungano. Watu kumi na wanane walikuwa wanakabiliwa na kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na jibu likapatikana katika swali la nani aliasisi nini mwaka 1964.

Ukitoka nje ya mipaka yetu utakuta mambo hayahaya. Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 lilisema watu wote wameumbwa sawa, lakini mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema maneno hayo hayakukusudiwa kumhusu mtu mwenye asili ya Afrika. Ilibidi vita vipiganwe, na Katiba ibadilishwe mwaka 1865 na 1868, ndipo usawa ukawa kitu cha kudaiwa mahakamani. Wafaransa walipita njia tofauti, ambayo kwangu inavutia zaidi: Katiba yao ya mwaka 1958 ina utangulizi unaolitaja Tamko la Haki la mwaka 1789, na kwa miaka kadhaa wengi waliuona kama pambo. Tarehe 16 Julai 1971 Baraza la Katiba lilizuia sheria iliyotaka kuweka vikwazo kabla ya chama cha kiraia kutambuliwa, likiegemea utangulizi huohuo. Hakuna aliyebadilisha hata herufi moja ya hati. Waliobadilika ni wasomaji wake. India nayo iliukana utangulizi mwaka 1960, kisha mwaka 1973, katika shauri la Kesavananda Bharati, ikaamua kwamba ni sehemu ya Katiba.

Kwa hiyo namrekebisha mleta mada kidogo. Mahali sentensi ilipoandikwa panahesabika, lakini si ukuta wa zege. Jaji Biron mwaka 1973 angeweza kusoma vingine.

Jicho la Ibara

Mzee wangu, shikamoo, na nimepokea. Lakini Biron alikuwa akisoma utangulizi ambao watunga Katiba waliuchagua makusudi kama mahali pa kuziweka haki zisimfunge mtu, tena wakasema hivyo hadharani. Wafaransa hawakuwa na ushahidi wa wazi kiasi hicho. Jaji anayesoma kinyume cha kusudi lililotangazwa anahitaji kitu kingine cha kumshikilia, na mwaka 1973 hakikuwapo.

Kenya wameliweka jambo hili ndani ya vifungu vyenyewe: ibara ya 19 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inasema haki hizo ni za kila mtu na hazitolewi na dola. Sioni kwa nini sisi tusiandike sentensi kama hiyo.

Hamadi Kibindoni

Sawa, kwenye Mtikila nakubali kwamba "mtoaji" si neno sahihi. Nitasema Bunge ndilo lenye ufunguo, na hapo sirudi nyuma.

Nina swali la vitendo kwa Wakili Mstaafu. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inataja haki ya kufanya kazi na ya kujielimisha. Ibara ya 9 inasema heshima ya binadamu itahifadhiwa kwa kufuata Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu. Hizo haziko kwenye utangulizi, ziko ndani, zina namba. Mtu akinyimwa elimu anaweza kwenda nazo mahakamani?

Wakili Mstaafu

Hapana, na sababu yake iko kurasa chache kabla. Soma ibara ya 7(2): inasema masharti ya sehemu ile, ambayo ibara ya 9 na ya 11 zimo ndani yake, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Ni utangulizi uliovishwa namba.

Wanasheria huzunguka. Wakazi wa Tabata walipokuwa wakisumbuliwa na moshi na uvundo wa jalala la taka za jiji mwishoni mwa miaka ya 1980, hakukuwa na ibara ya haki ya mazingira safi. Katika shauri la Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Jaji Lugakingira aliegemea ibara ya 14, haki ya kuishi, ileile uliyoilalamikia kwa kamba yake. Rebeca Gyumi naye, alipopinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hata 14 kwa kibali cha mahakama, alijenga shauri lake juu ya usawa wa ibara ya 12 na 13. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019.

Kwa hiyo anayenyimwa elimu asianze na ibara ya 11. Aanze na ubaguzi chini ya ibara ya 13, kama upo, na aonyeshe ni nani aliyepewa kile alichonyimwa yeye. Shauri litafunguliwa chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, na kwa kawaida husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliweka sharti la kuambatisha kiapo kinachoeleza namna mlalamikaji mwenyewe alivyoathirika, kwa hiyo ni salama zaidi asimtume jirani mwenye uchungu na nchi amfungulie. Na ajue kwamba hata akishinda, ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama isiifute sheria papo hapo, bali iipe Serikali muda wa kuirekebisha, na katika muda huo sheria ile inaendelea kuhesabika kuwa halali.